Fomu Juu ya Friji ya Chanjo

Fomu imelala juu ya friji ya chanjo,
nimeigandamiza kwa chupa ya spiriti isipeperuke.
Kozi ya awali ya utafiti wa tiba.
Wiki nane, Jumanne na Alhamisi jioni, Raskazoni.
Ada laki mbili na arobaini.
Mwisho Ijumaa, saa tisa na nusu.
Leo Jumatano.

Jina la mwombaji: Hidaya Mhina Semkiwa.
Hapo sikusita.
Kazi: muuguzi, Pongwe, mwaka wa kumi na moja.
Najua kumchoma mtoto sindano angali anacheka.
Najua presha ya mtu kwa jinsi anavyovuta kiti.
Majedwali siyajui. Mimi na hesabu tuliachana kidato cha pili
na hakuna aliyemlilia mwenzake.

Singano, mume wangu, fundi baiskeli,
anahesabu kwa mabati:
"Laki mbili na arobaini ni bati tisa, Hidaya.
Cheti hakiezeki jiko."
Kweli. Mvua ya vuli inazijua sufuria zetu kwa majina.

Mwezi jana walituita somo moja la bure, tuonje.
Mwalimu kijana, shati limenyooshwa hadi mikunjo inakata,
akarusha sarafu: huyu apate dawa,
huyu apate kidonge kama hichohicho, ndani unga mtupu.
Nikauliza, "Na mnywa unga anajua?"
Akasema, "Anajua kwamba huenda."
Huenda.
Nilirudi nalo hadi Pongwe,
neno lisilokaa, kutwa linakwenda.

Maana mama yangu, kule Ngomeni, alikuwa namba 0417.
Walikuja na gari jeupe, niko darasa la tano,
wakamtoa damu mara nne,
wakamwachia sabuni ya mche na kilo ya sukari.
"Majibu tutaleta."
Kidole gumba kilibaki na wino siku mbili.
Kadi aliitunza kwenye kopo la biskuti, pamoja na hati ya shamba,
na kila gari jeupe likipita barabara ya Muheza
aliinua uso kutoka kwenye ungo: "Ndio wao?"
Alikufa mwaka juzi, kwa jambo jingine kabisa.
Hata hilo nasema kwa kudhani.

Shangazi Mwanaheri, asiyetuma ujumbe bila vina, akajibu:

     Ukitaka langu jibu, mwana usirudi nyuma,
     Damu hutoka kwa tabu, si tunda la kulichuma,
     Waandikao vitabu, hawakumsoma mama,
     Kasome uwe karibu, ujue wanavyopima.

Vizuri, shangazi. Lakini vina havilipi ada,
na hukuligusa ninaloliogopa:
kwamba nitapima, nitapenda kupima,
kisha siku moja nitashuka kwenye gari jeupe
mbele ya mwanamke mwenye ungo
na kumwambia, wala si kwa kudanganya, "Majibu tutaleta."

Alhamisi usiku Bi. Chausiku wa Maranzara kaleta mjukuu, anaungua.
Daftari liko kabatini, funguo kaondoka nazo mganga mfawidhi.
Nikaivuta fomu, nikaigeuza:
saa mbili, 39.8.
Saa mbili na nusu, baada ya dawa na kitambaa cha maji, 39.5.
Saa tatu na robo, 38.6.
Saa nne, kaomba uji.
Neno "uji" nililipigia mstari mara mbili.

Ijumaa, saa tisa na dakika kumi,
karani akaitazama fomu mbele na nyuma.
"Na huku ni nini?"
Homa ya mtoto, nikasema. Ilishuka.
"Itabidi ujaze nyingine, safi."
Nikajaza safi. Ile ya kwanza nikaikunja, nikaitia mkobani.
Nikalipa nusu ya ada, bati nne na nusu.
"Nusu iliyobaki utaleta lini?"
Ulimi ulishatangulia: tuta—
Nikaumeza.
Nikamtajia tarehe.