Chumba cha Juu, Ruwi

Baba alinitafutia kiti wizarani,
chenye kiyoyozi na pensheni.
Nikapanga chumba juu ya fundi cherehani,
mimi na Thuwaiba, vyeti vyetu wino haujakauka,
na modemu inayolia
kama paka aliyebanwa na mlango.

Mteja wa kwanza, muuza haluwa wa Barka,
aliuliza: "Hilo duka la hewani,
Ijumaa nikitaka kulifunga, ufunguo u wapi?"
Hatukucheka. Tulidaiwa kodi ya miezi miwili.

Picha ikashuka mstari kwa mstari,
lozi kwanza, kisha zafarani,
ndipo fundi, tuliyechangia naye laini,
akainua simu kumwambia mtu
dishdasha yake tayari.

Sinia likabaki nusu.
Mzee akalitazama, akahesabu riali,
akalipa nusu.