Haraka

Udaktari niliusomea Volgograd, kwa Kirusi,
miaka saba ya theluji na supu ya kabichi.
Mtihani wa leseni nikaufanyia Maskati, kwa Kiingereza.
Kiarabu hakuna aliyeniuliza.
Nikajifariji: nusu yake ninayo tangu Korogwe.
Damu ni damu. Dawa ni dawa.
Homa wao huitamka kooni, kama imewakwama.
Sukari, huniambia wazee wa Wadi Sahtan,
wakivua ndara, wakinionyesha dole gumba lililoanza kuwa jeusi,
nami naitikia, sukari,
kama tuliolelewa ua mmoja.

Jumanne, saa tano, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo,
akaingia Ghaliya, mimba ya miezi minane,
shela yake imepauka kwa vumbi la mlimani.
Akaweka kiganja tumboni.
"Ma shay haraka," akasema.

Hakuna haraka.

Nikatabasamu. Mgonjwa mstaarabu huyu, nikawaza,
anajua kwamba haraka haraka haina baraka.
Nikamwonyesha benchi.
Nikamwita mzee wa kikohozi,
kisha mtoto wa pumu,
kisha mtu aliyetaka cheti tu cha kukosa kazi.

Ni Lissy, nesi kutoka Kerala,
miaka kumi na tisa ndani ya bonde hili,
aliyepita na trei akamsikia akirudia,
taratibu, kama anayemfundisha mtu kusoma:
ma shay haraka, ma shay, tangu jana magharibi.
Lissy akaitua trei sakafuni.
"Daktari. Haraka, kwao, ni kucheza.
Mtoto hachezi."

Dakika arobaini.
Ghaliya alikuwa ameketi nazo benchini, mikono mapajani,
akiningoja nimalize kuelewa.

Jeli baridi. Kipimo kikakwaruza
kama redio iliyopoteza stesheni.
Nikasikia mshipa wangu mwenyewe, nikauondoa.
Nikasogeza kushoto. Chini. Chini zaidi.
Halafu kwa mbali, kwato:
mia na tisa, mia na nne,
zikichoka.

Khalfan alikwisha kuwasha gari.
Kutoka hapa hadi Rustaq ni mawe na kona,
na mimi nimeshika chupa ya dripu juu kama taa.
Ghaliya akanikamata mkono,
akasema neno moja.
Nalijua. Nyanya yangu alikuwa akilisema kila siku.

Nikamgeukia Lissy,
nikamwuliza maana yake.