Uzito wa Trei

Nyama ya kusaga, gramu mia tano,
imelazwa kwenye trei nyeupe, nyepesi kama biskuti,
imevishwa nailoni, imebandikwa lebo:
tarehe, bei, na ile mistari myeusi
ambayo mashine huisoma, mimi siijui.

Niliinunua Chikongola, kwenye duka jipya lenye ubaridi,
mlango wake unafunguka wenyewe
kana kwamba ulikuwa ukinisubiri.

Sikuwa na nia mbaya. Naapa.
Mizani ilikuwa mezani tangu asubuhi,
ile ya keki, ya kupimia unga na siagi,
kwa ajili ya ndoa ya binti wa Bi Somoe Nang'anda,
na mkono, bila kuniuliza, ukaiweka nyama juu.

Mia tano na mbili.
Nikasema alhamdulillahi, kumbe bado wapo,
hata nikaona haya kwa kupima.

Kisha nikachana nailoni.
Nikaweka bakuli, nikabonyeza kitufe mpaka isome sifuri
(mimi si mtu wa kudhulumu, hata duka)
nikaihamishia nyama humo.
Mia nne hamsini na tisa.

Nikasogeza mizani mbali na feni.
Nikabadilisha betri, nikachukua za rimoti,
Nassoro akapiga kelele sebuleni, mpira umeanza.
Mia nne hamsini na tisa.

Basi nikaipima trei. Kumi na moja.
Nikapima kile kitambaa kilichokuwa chini ya nyama,
kile kinacholala kama nepi, kimelewa damu na maji:
thelathini na moja.
Nailoni, gramu moja.
Nikajumlisha nyuma ya risiti.
Hesabu ikakubali, hakuna kilichopotea.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Baba aliuza korosho Kitangari.
Nikiwa darasa la tano nilikwenda naye mnadani,
gunia likapandishwa, karani akasoma,
akasema bila kuinua macho: "Toa kilo, ya gunia."
Ikatolewa. Lililofuata, ikatolewa.
Baba akauliza, "Hili gunia si mmenipa ninyi?
Tena halifiki kilo, nimelibeba najua."
Foleni ikacheka, karani naye akacheka,
na kilo ikatoka.

Lakini wale wa kangomba walipogonga usiku
na bakuli lao, na pesa taslimu,
aliwafukuza.
"Afadhali karani," alisema, akifunga komeo,
"yeye angalau anatamka anachonikata."

Nikiuza, gunia si korosho.
Nikinunua, trei ni nyama.
Nilirudi dukani na maneno hayo mdomoni,
na kitambaa changu ndani ya mfuko.
Kijana wa kaunta, Hamduni jina lake shatini,
akavirudisha vyote juu ya mizani yake, akatabasamu:
"Mama, iko sawa. Tena umezidishiwa gramu mbili."
Nyuma yangu mtu akaguna. Sijui alikuwa upande wa nani.
Nikaondoka. Mlango ukanifungukia wenyewe.

Saa nne usiku, keki imepoa.
Bi Somoe aliagiza kilo nne, amelipa kilo nne.
Naiweka juu ya mizani kama ninavyoziweka zote,
mwaka wa sita huu,
pamoja na kibao chake cha karatasi ya dhahabu.
Kilo nne na gramu kumi.
Nimeshika kalamu niandike.

Feni inazunguka. Mpira umekwisha,
Nassoro amelala mdomo wazi.
Nyama ya watu imo kwenye kababu, zimebaki mbili.

Kabatini kuna kibao kingine, ndugu yake na huyu.
Nimekitoa.
Nimekiweka.
Gramu mia tano na themanini.

Nimewasha oveni tena.