Somo la Kwanza, Kihesa

Saa mbili asubuhi, ukungu umelala dirishani,
Madamu Luhwago hajavua koti.
Kaandika mstari mmoja ubaoni,
kasema: hiki ni Kiingereza.
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Kuna herufi ina kitumbo katikati
kama mjamzito wa miezi saba;
hakuna aliyeweza kuitamka,
si Gwamaka wa seminari,
si mimi, niliyevishwa kibao shingoni darasa la nne
kwa kumwamkia mwenzangu *kamwene*.

Kisha akasoma, polepole, kama anayevuka mto kwa mawe.
Baridi. Upanga. Bwana aliyekufa.
Wanaume wakinywa asali iliyochacha.
Nikawaona kilabuni kwa mama, Ipogolo,
miguu motoni, lita ya ulanzi inazunguka,
mmoja anawataja ng'ombe wa babu yake
kwa majina, hadi machozi.

Fotokopi ni elfu tatu na mia nne.
Nimelipa nusu. Nusu Jumatatu.

Pembeni, kwa penseli, naanza kutafsiri,
na mkono hauendi kwenye Kiswahili.
Neno la sita limegoma:
mtu aliyebaki baada ya wenzake wote.
Jioni nitampigia bibi.
Yeye analo.