Mstari wa Sitini na Mbili

Nyanjige aliileta laptopu imefungwa kwenye khanga
kama mtoto wa kupelekwa zahanati.
"Imekufa," kasema. "Tangu juzi, umeme ulipokatika
ukarudi kwa kishindo."
Kibandani kwangu, Kirumba, ukitoka Mwaloni mkono wa kushoto,
hatusemi imekufa.
Tunasema: haijajibu.

Nilianza na kilicho rahisi, maana aibu ya fundi
ni kumpasua tumbo mtu aliyekuwa na njaa tu.
Chaja: mita ikasoma volti kumi na tisa, nzima.
Waya nikaukunja hapa, nikaukunja pale, haukusita.
Nikachomoa betri, nikabana kitufe nikihesabu hadi thelathini
kwa Kisukuma, maana kwa Kisukuma sina haraka.
Nikachomeka.
Kimya.
Hata kile kitaa cha pembeni, kidogo kama jicho la dagaa,
hakikupepesa.

Nyuma ya Nyanjige watu walikuwa wameanza kusimama.
Bwire wa mifuko ya salfeti. Mama Kweji wa chanja za kukaushia.
Kijana mmoja wa mkokoteni, ambaye hata vocha hajawahi kununua kwangu.
"Fundi, itapona?"
Naijua sauti ya anayemwombea mgonjwa.
Haikuwa hiyo.
Ndani ya mashine ile mna daftari zima la mizani:
nani kachukua magunia mangapi, nani kaahidi Ijumaa,
na Ijumaa ipi.

Skrubu kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwepo,
fundi mwenzangu fulani aliila.
Feni imejaa wadudu wa ziwani,
wale wanaopanda kutoka majini kama moshi,
wamekauka, wamegandamana kama kitumbua cha jana.
Nikawapuliza. Chini yao magamba mawili ya sato
na pini.
Uchafu huo, si ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye ubao, njia kuu ya umeme:
mita ikalia piiii bila kupumua,
chanya na hasi wamekumbatiana bila aibu.
Kapasita mia na ushee, zote kahawia,
zote ndogo kuliko punje ya ulezi,
na mmoja kati yao ndiye mwongo.

Hapo ndipo naipenda kazi hii.
Nikaulaza ubao chini ya taa, nikaumwagia spiriti,
nikaulisha volti moja tu, kidogokidogo, kama uji.
Ukang'aa wote kama mawe ya Bugando baada ya mvua.
Kisha pakakauka mahali pamoja,
padogo kama ukucha wa kichanga.
Pale penye homa.
Nikagusa. Kidole kikaungua, kikathibitisha.

Na hapo, sitaficha, mkono ulisimama.
Mstari wa sitini na mbili una jina langu:
Masalu fundi, magunia mawili, msiba wa shangazi,
mwezi wa nne. Sasa ni wa tisa.
Ningeweza kusema, dada, ubao umeungua.
Nani angebisha? Bwire angeninunulia soda.
Mama Kweji angenitaja kwenye maombi.
Chuma cha kuchomelea kilishapata moto,
kinatoa kamoshi kembamba, kinanisubiri.
Nyanjige hakuniangalia. Alikuwa anaikunja khanga,
anaikunjua, anaikunja tena,
nikasoma nusu ya maneno yake,
nusu nyingine imeingia kwenye mkunjo.

Nikaing'oa.
Kikaruka kile kipunje, kikapotea sakafuni.
Nimefagia mara ngapi, sijakiona.

Mita ikanyamaza. Nikachomeka.
Kitaa kikawaka, cheupe,
feni ikakohoa wadudu wa mwisho,
na kioo kikatoa salamu.
Nyuma watu wakapungua mmoja mmoja, bila kuaga,
kila mtu kakumbuka kazi.

"Shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Akafungua daftari, akashuka kwa kidole, akashuka,
akafika kwangu, akapunguza.
"Bado gunia moja na robo," akasema,
akaifunga mashine ndani ya khanga, akaondoka,
akaniacha na skrubu moja mkononi
ambayo sijui imetoka wapi.