Kipenu

Saa nane mchana, mwezi wa kumi na moja,
nilimwingiza Malogo kipenuni, nikafunga mlango,
nikamwambia: hesabu nyota.
Akapaza sauti toka gizani, Thelathini na moja, mama,
na moja ndefu kama kisu, pale kinapoungana na banda.

Nyota hizo alizitoboa shemeji yangu Ndahani
mwaka juzi, kwa haraka ya mtu anayewahi gulio.
Alipiga misumari bondeni mwa bati
kwa kuwa bondeni nyundo haitelezi.
Maji nayo njia yake ni hiyohiyo.
Nilimlipa, tena nikamwongezea ya soda.

Magunia tisa ya alizeti yaliota.
Sisemi yalilowa. Yaliota,
miche myeupe, myembamba, ikichungulia kwenye salfeti
kama kidole cha mtoto kwenye soksi iliyotoboka.
Nikawamwagia mbuzi. Mbuzi walishukuru.

Banda lenyewe, la mashine ya kukamulia, halina neno.
Lilikuwa stoo ya saruji ya wakandarasi wa barabara;
walipohama tulilinunua bati kwa bati.
Kipenu ndicho kimeegemea tu,
kama mgeni aliyesema nakaa siku mbili
na sasa ana ndoo yake bafuni.

Waliotuachia ile ya ufa na ukuta,
ukuta wao ulikuwa wa udongo.
Bati halipasuki. Bati huachia,
mchana linatanuka, usiku linajikunja,
linalia tii, tii, tumelala,
linang'oa misumari yake lenyewe
kama mtoto anayesukuma jino kwa ulimi.

Basi nikapanda mwenyewe.
Ndahani alishika ngazi. Hakusema kitu,
wala sikumtaka aseme.
Juu nilikuwa na tyubu ya trekta, mkasi, kopo la lami,
na madebe mawili ya mafuta, yaliyopasuliwa
na kunyooshwa kwa nyundo mpaka yakasahau kuwa madebe.

Misumari yote niliing'oa, nikaihamishia mgongoni,
kila mmoja na kofia yake ya mpira.
Tundu la zamani: lami, kiraka, lami tena.
Kwenye maungio nililegeza bati la ukuta,
nikapenyeza ukingo wa debe chini yake,
la juu lilalie la chini.
Kuku anayajua haya. Mtazame mgongo wake siku ya mvua.

Jua lilinichoma magoti kupitia gunia.
Na chini, kila baada ya muda,
Mama, moja imezimika.
Mama, na ile ya pembeni.
Sikujua kuzima nyota kunaweza kumpa mtu raha hivi.

Kisha nilifanya jambo ambalo Kibaigwa halisameheki:
nilinunua ndoo tatu za maji, shilingi mia tano kila ndoo,
nikazimwaga juu ya paa.
Mama Sechelela akasimama na mtungi wake njiani.
Unanywesha bati?
Nikamwambia, nalipima.
Akatazama maji yakipotelea mchangani, akaondoka bila kuaga.

Leo ni tarehe ishirini na tatu, Desemba.
Wingu hupanda upande wa Mpwapwa, hujaa, likageuka.
Upepo unatupa mchanga ukutani, konzi kwa konzi.
Ndahani hupita jioni, hugusa maungio kwa kidole gumba,
hutazama juu, huenda zake.
Mbegu nilizotaka zikae kavu zimekaa kavu.
Na zile nilizozifukia shambani, nazo pia.

Jana usiku Malogo aliungama.
Nyota moja aliificha, kule pembeni, juu ya gunia la mashudu,
hakuitaja nilipokuwa juu.
Nikamuuliza kwa nini.
Akasema, Ili tujue ikija.

Sikupanda tena. Nilisogeza gunia,
nikaweka sufuria chini yake.
Asubuhi nimechungulia: vumbi, na mende mmoja,
na doa la mwanga, dogo kama shilingi, limekaa katikati.