Ndoo ya Bweni la Pili

Naandika nyuma ya daftari la funguo,
mbele kumejaa majina.
Mimi Tserenkhand, mlinzi wa bweni la pili,
chuo kikuu cha mkoa, Hovd,
ambako baridi huingia Oktoba bila hodi
na haitoki mpaka Aprili iifukuze kwa matope.

Walifika Septemba:
Oyunbileg na cherehani ya dada yake,
Talgatbek na dombra iliyofungwa blanketi
kama mtoto mwenye homa,
Dashnyam mikono mitupu.
Kondoo wake alikuja Novemba, kwa basi,
amechinjwa, ameganda, ndani ya gunia la unga.
Tukamtundika nje ya dirisha la ghorofa ya tatu,
na mbwa wa mji mzima
wakajiandikisha mwaka wa kwanza.

Kisha ukabandikwa waraka:
taa za vyumba zizimwe saa tano za usiku,
ya korido iachwe moja.

Basi korido ikawa maktaba.
Walikaa sakafuni, migongo kwenye bomba la joto,
na Dashnyam chini kabisa ya balbu,
miguu kaitandaza njiani, akikariri:
maji huwa mazito kupita yote yakifika digrii nne,
yakizidi kupoa hupanda,
barafu ni nyepesi, huelea,
mto hugandia juu, samaki huishi chini.
Nikamruka na fagio langu.
"Samaki wako wameshasikia. Kalale."

Lakini mwenyewe sikulala.
Miaka arobaini nimetoboa barafu ya Mto Buyant kwa mtaimbo,
nimechota, nimebeba, nimepika chai,
na hata siku moja sikujiuliza
kwa nini chini yake kuna maji.

Januari, mitihani ya mdomo.
Sisi wa mabweni huazimwa siku hizo
kupiga deki jengo la idara,
maana kila buti huingia na theluji yake.
Chumba namba kumi na nne, mlango umepindwa na baridi,
haufungi.
Ndani, watu watatu na birika la chai ya chumvi.
Mwalimu Sodnom akauliza:
"Kwa nini Buyant haugandi hadi chini?"

Kimya.
Nikasikia kiti kikilia.
Nikasikia kijana akimeza mate.
Miezi miwili aliimwaga korido nzima,
leo hana hata tone!
Na jibu lilikuwa mdomoni mwangu mimi,
la moto kama kiazi,
siwezi kulimeza, siwezi kulitema.

Ndoo ilianguka.
Msiniulize kama iliteleza.
Maji yakapita chini ya mlango,
na mabonge ya theluji ya buti za watu juu yake,
yakaingia chumbani yakiyumba
kama watahiniwa waliochelewa.

"Yanaelea," sauti ikasema. Ndogo.
Kisha, "Yanaelea kwa sababu..."
na vyote vikamtoka, digrii nne na uzito,
hata samaki hakuwaacha.

Mwalimu Sodnom akatoka, buti moja imelowa.
Akanitazama. Akaitazama ndoo.
"Mama, wewe uko kozi gani?"
"Ya usiku," nikamjibu.

Alama sabini na mbili. Ndoo imepasuka,
imekatwa kwenye mshahara wangu, sina kinyongo.
Jumapili nilishuka mtoni bila chombo,
nikapiga magoti kwenye tundu la wachota maji,
nikatumbukiza mkono mpaka kiwiko
kuhakikisha.

Usiku huu ni Oyunbileg aliye chini ya balbu,
ana kitu kirefu kuhusu chumvi,
inavyovunjika ndani ya maji na bado ikawa ipo.
Sijaelewa.
Nimemwambia arudie, pole pole.